Yakobo, Labani na Bonasi za Kadi za Marekani



Leo naandika hasa kwa wale wetu walio Marekani, mnaoungana nasi mtandaoni kutoka Dallas, Atlanta, Minnesota, Baltimore na kwingineko. Lakini wewe uliye Githurai, Kakamega au Mtwapa usiondoke. Jambo hili linakufikia, kwa sababu nauli ya ndugu yako anayekuja kuzika hulipwa kwa njia fulani, na ni vizuri ujue ni ipi.

Majuzi katika ibada ya mtandaoni ndugu mmoja alitoa ushuhuda. Mama yake alilala Jumanne. Kufikia Alhamisi yeye alikuwa ndani ya ndege ya kuja nyumbani, na hakuwa ametoa nauli mfukoni isipokuwa ushuru wa tiketi. "Mungu alinilipia," akasema. Watu wakajaza Amina na Haleluya. Mimi nami niliandika Amina, na siifuti. Lakini namjua huyo ndugu, na nilijua kwamba tiketi ile ilitoka kwenye pointi alizopewa na benki mbili alipofungua kadi mpya za mkopo. Nikampigia simu baadaye. Nikamwambia, ndugu yangu, Mungu apewe sifa, lakini waambie watu habari yote, kwa sababu kesho kuna mtu atafungua kadi sita kwa imani akingojea muujiza. Akacheka. Akasema, "Pastor, nikianza kueleza mambo ya kadi kanisani si wataniona tapeli?"

Halafu siku chache baadaye dada mmoja wa ushirika wetu wa Texas akaniandikia WhatsApp saa saba usiku, saa zetu. Alitaka kuomba kadi ya biashara kwa sababu bonasi yake ni kubwa. Rafiki zake walikuwa wamemshauri aandike kwenye fomu kwamba ana kampuni ya upishi inayoingiza dola 40,000 kwa mwaka. "Kila mtu anafanya hivyo, Pastor. Ni dhambi?"

Nilimwambia anipe siku tatu. Jibu lake ndilo hili.

Kwanza niwaeleze walio nyumbani. Huku kwetu ukisema "bonasi ya kujiunga" mtu huwaza kamari. Unafungua akaunti ya kubeti, unapewa kitu kidogo cha kuanzia, na kabla mwezi kuisha karo ya mtoto imeliwa. Kadi za Marekani si hivyo. Benki inakwambia: chukua kadi yetu, itumie kununua vitu vya kiasi fulani ndani ya muda fulani, mara nyingi miezi 3, nasi tutakupa pointi. Chukua mfano wa kadi ya Chase inayoitwa Sapphire Preferred. Ada yake ni dola 95 kwa mwaka, na mara nyingi bonasi yake imekuwa pointi 60,000 kwa anayetumia dola 4,000 au 5,000 katika miezi 3 ya kwanza. Ukizigeuza kuwa pesa, pointi 60,000 ni dola 600. Ukizihamishia shirika la ndege kwa akili zinaweza kukufikisha mbali zaidi ya hapo. Pointi za Chase, za American Express, za Citi na za Capital One zote zaweza kuhamishiwa Flying Blue, ule mpango wa Air France na KLM, na ndege za mashirika hayo zinatua Nairobi. Ndivyo yule ndugu alivyofika matangani.

Watu walipoelewa hili, wengine wakaanza kuchukua kadi, kupokea bonasi, kuifunga, na kuomba tena ileile. Benki nazo si wajinga. Zikaweka masharti. Na hapo ndipo mjadala wetu unapoanza: je, mkristo anayejifunza kupita katikati ya masharti hayo ili apate bonasi nyingi kadiri inavyowezekana, ni mwerevu au ni mwizi?

Fungua Mwanzo. Yakobo yuleyule mmoja alipata mali kwa akili mara mbili, na mara hizo hazifanani hata kidogo.

Mara ya kwanza ni sura ya 27. Alivaa nguo za Esau, akafungwa ngozi za wana-mbuzi mikononi, akaingia kwa baba asiyeona. Baba akamuuliza yeye ni nani, naye akajibu kwa jina la mtu mwingine. Baraka aliipata, ndiyo. Lakini alitoka nyumbani mbio, akakaa ugenini miaka 20, na Biblia haituambii kama aliwahi kumwona mama yake tena. Nyinyi mlio ugenini mnajua uzito wa hilo bila mimi kuhubiri.

Mara ya pili ni sura ya 30. Sasa yuko kwa Labani, tajiri mjanja kuliko yeye. Wakakubaliana mshahara: wanyama wenye madoa na milia, na kondoo weusi, ni wa Yakobo. Siku ileile Labani akawatoa wanyama wa namna hiyo kundini, akawapa wanawe, akaweka mwendo wa siku tatu katikati. Yakobo hakudanganya ili alipize. Alishika mapatano yalivyosemwa, akafanya kazi kwa akili ndani yake. Zile fito alizochuna maganda wahubiri tumebishania miaka na miaka, nami leo sibishani. Ninachokiona ni kwamba mtu yeyote angeweza kuja kundini, akamtazama mbuzi, akajua ni wa nani. Hakukuwa na cha kuficha. Na Labani alibadilisha mshahara mara kumi, asema Yakobo mwenyewe katika sura ya 31, bado Yakobo akaondoka na mali.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Bonasi ni yako kama fomu uliyojaza inaweza kuwekwa mezani mbele ya benki, mbele ya mke wako na mbele ya mchungaji wako, na hakuna neno utakalotaka kulifunika kwa kidole.

Najua kuna watumishi wenzangu wanaosema mambo haya yote ni wizi. Nawaheshimu lakini siendi nao. Benki ndiyo iliyoandika tangazo. Ina wahasibu waliopiga hesabu, ina mawakili, na ina haki ya kukukatalia. Mtu aliyekupa ofa kwa hiari na wewe ukatimiza kila neno lake hawezi kusema umemwibia. Ukienda sokoni mama mboga akikwambia chukua fungu mbili nikuongeze la tatu, ukachukua, umemwibia?

Sasa masharti yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunanaswa kwa kutojua tu. Mwaka jana nilipokuwa Dallas, yule ndugu wa ushuhuda alinikalisha mezani kwake na daftari la shule, lile la mistari. Kila ukurasa kadi moja: tarehe aliyoomba, siku ya mwisho ya kutimiza matumizi, siku bonasi ilipoingia, siku ada itakapokatwa. Mimi mwenyewe sina kadi ya namna hiyo, lakini niliondoka pale nimefundishwa.

Sharti linalojulikana sana ni la Chase, watu huliita 5/24. Kama katika miezi 24 iliyopita umefunguliwa kadi binafsi tano au zaidi, kutoka benki yoyote, si yao tu, kwa kawaida Chase watakukatalia. Ndiyo maana wanaojua huanza na Chase kabla ya kuzunguka kwingine. Na hapa ndipo ndugu zetu wengi wapya huharibu. Unafika Marekani, umepata kazi, umeanza kujenga rekodi, unaingia duka la nguo, msichana wa kaunta anakwambia chukua kadi ya duka upate punguzo leo. Unachukua. Wiki ijayo duka la fanicha, hivyohivyo. Kadi hizo mara nyingi nazo huhesabiwa. Umeuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa punguzo la suruali.

American Express wana lao: bonasi ya kadi fulani unaipata mara moja tu maishani. Na siku hizi kwa baadhi ya kadi zao wanaangalia ukoo mzima wa kadi hiyo. Ukishakuwa na ile ya juu, Platinum, unaweza kukosa bonasi ya Gold iliyo chini yake. Kwa hiyo anayejua hupanda ngazi kutoka chini. Na kwa kuwa ni mara moja, usikimbilie ofa ndogo. Bonasi hupanda na kushuka, subiri ipande. Jambo moja zuri kwao ni kwamba kama hustahili bonasi, kwa kawaida ujumbe hutokea kwenye skrini kabla ombi halijakamilika, na unaweza kurudi nyuma bila rekodi yako kuguswa. Soma ujumbe huo. Watu hubonyeza tu "endelea" kama vile ni masharti ya kupakua programu ya simu.

Citi huhesabu miezi 48 tangu ulipopokea bonasi ya kadi ileile. Capital One hutazama rekodi yako katika ofisi zote tatu, Experian, Equifax na TransUnion, kwa hiyo ombi moja linaacha alama tatu, na kila alama hukaa miaka 2. Usiombe ovyo. Yule ndugu huacha miezi 3 au zaidi kati ya ombi na ombi. Na kama una mpango wa kununua nyumba, tulia kabisa. Anayekupa mkopo wa nyumba akiona umefungua kadi nne mwaka huu hatajua kwamba ulikuwa unatafuta nauli ya kuja Kenya. Atakuona mtu aliyeishiwa.

Tena usifunge kadi mara tu bonasi inapoingia. American Express wameandika wazi kwamba ukiifunga au kuishusha daraja kabla ya miezi 12 wanaweza kuchukua pointi zao. Kaa nayo mwaka. Ada ya mwaka wa pili ikikaribia, piga simu, uulize kama waweza kuhamia kadi ya benki hiyohiyo isiyo na ada. Na pointi ukishazihamisha kwenda shirika la ndege hazirudi. Tafuta kiti kwanza, ukishakiona ndipo uhamishe. Dada mmoja alihamisha pointi zake zote mwezi wa kumi na moja akitarajia kuja Krismasi. Viti vya pointi havikuwepo. Hadi leo ziko huko.

Mume na mke kila mmoja ana hesabu yake. Mmoja akichukua kadi anaweza kumwalika mwenzake kwa kiungo cha benki, naye akapata pointi za kumleta, na mwenzake akapata bonasi yake kamili. Hii ni halali na ni tamu. Ila msiongezane kama watumiaji wa pili wa kadi bila sababu, maana kadi hiyo huonekana kwenye rekodi ya mwenzako na huhesabiwa katika ile 5/24.

Lakini sikia, mume wa mtu. Mke wako naye lazima ajue! Nimekaa na wanandoa ambao mke aligundua siku alipokwenda kuomba mkopo wa gari kwamba kuna kadi tatu kwa jina lake. Mume alijaza fomu usiku, namba zote anazo, akasema alitaka kumshangaza na safari. Kweli alishangaa. Huyo ni Yakobo wa ngozi ya mbuzi, na kuomba mkopo kwa jina la mtu asiyejua kuna jina lake katika sheria, hata akiwa ni mke wako na hata ukilipa kila senti. Wale wawili bado wanashauriwa, mwaka wa pili sasa.

Nimefika mahali ambapo pesa nyingi hupotea, nako ni kutimiza matumizi. Benki imesema dola 4,000 kwa miezi 3. Swali si kama unaweza kuzitumia. Kila mtu anaweza kutumia! Swali ni kama ungezitumia hata pasipo kadi. Bima ya gari ya miezi sita, chakula, mafuta, ada ya chuo cha uuguzi, hizo ungelipa tu. Basi omba kadi mwezi ambao gharama kubwa inakuja, uzipitishe hapo, na pesa za kulipia ziwe tayari ziko benki. Lakini ukinunua televisheni ili "tufike kiwango," hujapata bonasi. Umenunua televisheni.

Piga hesabu nami. Umetumia dola 4,000, hukuzilipa, riba ni asilimia 24 kwa mwaka, ambayo kwa kadi za huko si ajabu. Hiyo ni karibu dola 80 kila mwezi. Bonasi ya dola 600 imeisha kabla ya mwezi wa nane kwisha, na deni lenyewe liko palepale, limekaa kwenye kochi linakutazama. Bwana Yesu alipozungumza katika Luka 14 juu ya mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara hakuwa anazungumzia kadi, najua, lakini hesabu ni hesabu.

Na hili limewauma wengi wetu: kutuma pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo. Mtu anafikiri, mimi hutuma dola 500 kila mwezi kwa wazazi, mbona nisizipitishe kwenye kadi nifike kiwango? Tatizo ni kwamba benki nyingi huweza kuhesabu muamala huo kama kuchukua pesa taslimu. Hapo unakatwa ada, riba huanza siku ileile bila zile siku za neema, na kiasi hicho hakihesabiwi kwenye bonasi. Umelipa mara tatu kumtumia mama pesa ya dawa. Tumia akaunti ya kawaida kutuma nyumbani. Wacha kadi ilipe maduka.

Kuna pia wale wanaonunua kadi za zawadi madukani kwa kadi ya mkopo, wakazigeuza kuwa hundi za posta, wakaziweka benki, wakalipia kadi. Pesa zinazunguka tu, hakuna kilichonunuliwa. Watanipinga hapa, na ninajua kuna ndugu waaminifu wanaoifanya bila kumdanganya mtu. Lakini masharti ya baadhi ya kadi yanasema kadi za zawadi hazihesabiwi kwenye bonasi, na benki inayoona hundi zikiingia kila wiki haifikirii pointi, inafikiria pesa chafu. Siku watakayofunga akaunti yako, mshahara wako utakuwa ndani. Kwa mgeni mwenye makaratasi yanayongoja, mimi nasema iache.

Sasa kadi za biashara, nikimgeukia dada yangu. Kadi nyingi za biashara hazionekani kwenye rekodi yako binafsi, kwa hiyo haziongezi ile hesabu ya 5/24, na bonasi zake ni nono. Ndiyo maana kila mtu anazitamani. Na huhitaji kuwa na kampuni iliyosajiliwa. Mtu mmoja anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe anaruhusiwa kuomba: anayesuka nywele sebuleni, anayeendesha gari la abiria jioni, anayeuza vitenge kwa ndugu. Hilo ni jambo la wazi, liko kwenye fomu.

Lililo haramu ni kuzaa biashara kwa kalamu. Na hapa sizungumzi kama mchungaji tu. Sheria ya shirikisho ya Marekani inasema kutoa habari ya uongo kwa makusudi ili kuishawishi benki ikupe mkopo ni kosa la jinai, na adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 30 na faini ya dola milioni 1. Je, wanamfunga kila aliyeongeza sifuri? Hapana. Lakini wewe uliye na ombi la uraia mezani kwa nini uandike uongo wenye sahihi yako, uuweke kwenye kompyuta ambayo haisahau? Kwa pointi?

Wakati mwingine naambiwa, "Pastor, benki ni tajiri, haitaumia." Isaka naye alikuwa tajiri.

Tena kuna jambo linalonisumbua ambalo sijalimaliza moyoni, nami nitaliweka tu mbele yenu. Bonasi hii hulipwa na nani? Sehemu hutoka kwa wenye maduka, ambao hukatwa kitu kila kadi inapopitishwa. Sehemu hutoka kwa riba ya wale wanaobeba deni mwezi hadi mwezi. Na hao tunawajua. Ni yule mama anayelinda wazee zamu mbili, akilala kwenye gari kati ya zamu, kadi zake zote zimejaa kwa sababu ya harambee za nyumbani alizoshindwa kukataa. Yeye analipa riba, wewe unapanda ndege. Sikwambii uikatae bonasi yako, maana ukiikataa haiendi kwake. Lakini kama umejua njia hizi na katika ushirika wako kuna mtu anazama, usimfundishe 5/24. Kaa naye na lile daftari, mwanzishe na deni lenye riba ya juu, na kama ni la dola 300, mlipie. Mwenye deni la kadi asiombe kadi ya bonasi hata moja mpaka amalize. Hapo sina mjadala.

Niguse pia mambo ya kanisa maana najua mtauliza. Fungu la kumi kwa kadi ya mkopo ili ufike kiwango? Kama pesa ziko benki na utalipa kabla ya riba, sijaona kosa, ila ujue kanisa hukatwa karibu asilimia 3 na kampuni inayopitisha malipo. Ukitoa dola 500, karibu dola 15 haifiki. Wengine huongeza hiyo juu, Mungu awabariki. Lakini kutoa sadaka ya pesa usizo nazo, ukisema utavuna, hiyo mimi siipokei. Mhazini ameshaambiwa.

Na wale mnaokusanya michango ya ukumbi wa kongamano halafu mnalipa wote kwa kadi ya mtu mmoja: pointi ni za nani? Mwaka huu mtu mmoja alipata bonasi nzima kwa pesa za watu arobaini, na hakusema. Hakuiba senti, hesabu zilitimia. Lakini ilipojulikana, ushirika uliingia baridi ambayo hadi leo haijaisha. Semeni kabla. Mkikubaliana kwamba anayejitolea kulipia achukue pointi kwa ajili ya usumbufu wake, vyema. Mkikubaliana ziwe tiketi ya mtu atakayefiwa, vyema zaidi.

Masharti haya niliyoandika yatabadilika. Labani hajaacha tabia yake. Kwa hiyo usiniambie mwakani "lakini Pastor ulisema." Soma ofa yenyewe siku unayoomba, hata yale maandishi madogo ya chini.

Dada yangu wa saa saba usiku, nilikupigia juzi nikakuuliza una biashara gani hasa. Ukaniambia huna, unapika tu mandazi na sambusa Jumamosi, watu wa ushirika wananunua, kama dola 300 kwa mwezi. Ukaniuliza kama hiyo nayo ni biashara.

Ni biashara, dada. Andika upishi. Andika jina lako. Mahali pa mapato ya mwaka andika 3,600.